Boneti ya Marehemu

Kwa uliyekosa gazeti la wiki jana, naitwa Albano, fundi magari, mtu wa Songea, mkazi wa Tegeta. Nilieleza jinsi mtaro mpya ulivyopita katikati ya gereji yangu, na jinsi Fredrick alivyonikuta nimekalia boksi la spana, sina gari hata moja la kushika. Yeye alikuwa na Premio mbili. Ya kijivu aliniambia ni ya mteja wake, injini imekufa. Nyeupe ilikuwa ya kaka yake, marehemu Revelian, aliyegongwa na lori kwa nyuma pale Kibamba. Nyuma ilikuwa imekunjamana mpaka kwenye siti. Mbele ilikuwa nzima.

Nikatoa injini kwenye gari la marehemu, nikaitia kwenye ile ya kijivu. Ikawaka mara ya kwanza. Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi nikamshukuru Mungu, nikajua mikosi yangu imeisha.

Kumbe ilikuwa inapumua tu.

Jumamosi asubuhi simu ikaita. Sauti ya mzee.

“Wewe ndiye Fundi Albano?”

“Ndiye mimi, mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Nimeona namba yako kwenye kikaratasi cha oili humu ndani ya gari. Nimetoka nalo Kimbiji salama, nimefika huku Mbezi Luis linafuka mvuke kama jiko la mamantilie. Unaweza kufika?”

Kikaratasi kile nakiweka kwenye kila gari ninalolibadilisha oili. Ndilo tangazo langu pekee. Nikajibu nakuja, nikachukua bodaboda, tukakatisha Goba.

Tulipoacha lami na kukunja kona ya kwanza, nikahisi naijua njia. Kona ya pili nikaanza kusali. Bodaboda akasimama mbele ya geti la bluu, na mimi nikabaki nimekaa nyuma yake kama mtoto aliyekataa kushuka kwa daktari.

“Mzee, si umesema hapa?” akaniuliza.

Ndiyo. Palikuwa hapo. Geti lile nililiingia na winchi yangu ya kuinulia injini, nikatoka na injini ya marehemu.

Ndani kulikuwa na turubai, viti vya kukodi na masufuria makubwa ya msibani. Ilikuwa arobaini ya Revelian. Kwenye kona ya uwanja, Premio nyeupe ilikuwa imefunikwa shuka kuukuu. Karibu na geti ilisimama ile ya kijivu, boneti juu, inafuka.

Injini ilikuwa imerudi nyumbani yenyewe, na mimi nimeifuata.

Mzee aliyenipigia simu akanipokea kwa mikono miwili. Wote pale walimwita Ta Gervas, kama Wahaya wanavyowaita wanaume wanaowaheshimu. Alikuwa baba mdogo wa marehemu, na tangu baba mtu afariki, ndiye aliyeshika usukani wa ukoo.

“Injini hii ni nzuri sana,” akaniambia. “Nilipokwenda Bukoba kuzika, nilimtanguliza mwanangu Fredrick arudi anitafutie. Akaipata Ilala. Wewe ndiye uliyeifunga?”

“Ndiye mimi,” nikasema. Hilo halikuwa uongo. Nikamwomba Mungu asiniulize la pili.

Hakuuliza. Nikainamia gari. Mpira wa maji ulikuwa umelegea kwenye klipu yake, basi. Nikaukaza, nikajaza rejeta, nikaanza kukusanya spana zangu haraka kama mwizi.

“Unakwenda wapi?” akauliza Ta Gervas. “Umefika matanga uondoke hujala?”

Chakula cha msiba hakikataliwi. Nikakaa. Nikapewa ndizi na nyama. Na hapo, ng'ambo ya turubai, nikamwona Fredrick na sahani yake. Aliponiona, kijiko kilisimama njiani.

Kabla sijamaliza kula, nikasikia mnyororo. Geti lilikuwa linafungwa.

“Kikao kinaanza,” mama aliyekaa jirani yangu akaninong'oneza. “Kwenye ukoo huu, kikao cha kuanua matanga kikishaanza, geti halifunguliwi mpaka kifungwe kwa sala. Aliye ndani ndiyo yumo.”

Nilikuwa ndani.

Ta Gervas akasimama. Akasema nyumba ile ya Mbezi itabaki kwa Jenipher, mke wa marehemu, maana walijenga pamoja. Jenipher alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitambaa cheusi kichwani. Akainamisha kichwa kushukuru.

“Kuhusu gari,” mzee akaendelea, “nyuma limekwisha, ila mbele ni zima. Liliingia hapa uwanjani likiwaka. Tutaliuza kama lilivyo, tumjengee mwenyewe kaburi. Na Mungu ametuletea fundi bila kumwita. Fundi, ukishanawa utatufungulia boneti, utuambie lina nini.”

Watu wakanigeukia na nyuso za shukrani. Hata kwenye ibada sijawahi kutazamwa vizuri namna ile.

Fredrick akawa wa kwanza kusimama. “Njoo, fundi, nikuonyeshe bomba.”

Nyuma ya nyumba akafungulia maji yapige kelele.

“Braza, nani kakuita huku?”

“Mzee mwenyewe. Fredrick, uliniambia lile gari ni la mteja.”

“Kwani Ta Gervas si mteja? Kanipa kazi, nimemfanyia.”

“Ukaniambia ukoo umeridhia.”

“Mie ndiye ukoo. Au unaona nimetoka wapi?” Akanisogelea. “Sikiliza. Boneti imekwama. Umejaribu, imekwama, basi, wataahirisha. Ukijitia kusema, mie nitauliza swali moja tu: kati yangu na wewe, nani anajua kushika spana?”

Mikono yangu ilikuwa chini ya bomba, na bado ilikuwa na grisi.

Tukarudi. Shuka ikatolewa. Nikaingia ndani ya gari la marehemu, nikashika kidude cha kufungulia boneti, nikakivuta kidogo tu, nusu ya nusu. Nikatoka nikajaribu kuinua. Haikuinuka.

“Imekwama, mzee.”

“Jaribu tena.”

Nikajaribu tena, vilevile. Jasho lilikuwa linanitoka la kweli, hilo tu ndilo sikuigiza.

Hapo akainuka Genoveva, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke wa mwili na sauti. “Fundi gani anashindwa na boneti? Hebu nipishe.” Akaingiza mkono mwenyewe ndani, akavuta, akaja mbele akaipandisha kwa kidole.

Ilipanda laini. Siku ile ya kazi niliitia grisi mwenyewe.

Kuku akachomoka kutoka ndani, akapita katikati ya miguu ya watu analalamika. Alikuwa anatagia pale. Mahali pa injini palikuwa na majani makavu na mayai.

Hakuna aliyecheka.

“Injini iko wapi?” Ta Gervas akauliza, taratibu.

Akatutazama mmoja mmoja.

“Nauliza tena. Injini ya mwanangu iko wapi?”

Genoveva ndiye aliyejibu, lakini hakumjibu yeye. Alimgeukia Jenipher pale mkekani. “Wifi, sisi wote tulikuwa Bukoba. Nani alitangulia kurudi?”

“Mie nilirudi kazini, wifi. Mlijua wote.”

“Na Fredrick alirudi kwa ajili ya gari la baba hapa. Lakini Fredrick hana ufunguo wa geti hili. Ufunguo unao wewe peke yako.”

“Mie hata nikijaga hapa napiga hodi kama mgeni,” Fredrick akasema kwa masikitiko. Kisha akatikisa kichwa, kama mtu anayemwonea huruma shemeji yake. “Tusimuhukumu lakini. Labda alikuwa na shida.”

Hilo la huruma ndilo lililommaliza. Minong'ono ikaanza. Hata arobaini hakuisubiri. Kumbe haraka yote ile ya kurudi.

“Sijauza kitu,” Jenipher akasema. “Tangu nirudi sijalifunua hata shuka. Nilikuwa naogopa kulitazama.”

Ta Gervas alivua kofia, akaivaa tena. “Mke wetu, wewe unatujua. Kwetu, mtu anayeuza kitu cha marehemu matanga hayajaanuliwa, amejitoa mwenyewe. Kesho alfajiri wageni wanapanda basi kurudi Bukoba. Na wewe utafunga vitu vyako, urudi kwa wazazi wako. Nyumba itabaki na ukoo.”

“Baba, matofali ya nyumba hii nimeyabeba kwa kichwa changu.”

“Najua. Nilikuona.”

“Basi niulize mimi kitu kingine chochote. Injini siijui.”

“Sina kingine cha kukuuliza,” mzee akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya boneti iliyo wazi. Nilitazama geti. Mnyororo. Nikatazama ukuta. Vipande vya chupa juu. Nikafumba macho. Bwana, nikasema moyoni, unifunge mdomo au unifungue, lakini usiniache nusu hivi.

“Mzee Gervas,” nikasikia mtu anasema, na mtu huyo alikuwa mimi. “Nimeitoa mimi.”

Uwanja wote ukageuka.

“Wewe?”

“Mimi, kwa mikono hii. Na haiko mbali. Ipo pale kwenye gari lako. Ndiyo hiyo uliyotoka nayo Kimbiji.”

Ta Gervas aliitazama Premio yake ya kijivu kama vile imemwita kwa jina.

“Nani alikuruhusu?”

“Fredrick. Alinifungulia geti kwa ufunguo, akaniambia wazee wameridhia. Nikamwambia hii ni mali ya marehemu, tuombe kwanza. Nikaomba, akasema amina.”

“Akasema amina.”

“Kwa sauti, mzee. Na ishara ya msalaba akafanya.”

Mtu mmoja nyuma akasema, “Loo, fundi huyu anapokea amina badala ya sahihi,” na wengine wakacheka kwa puani.

Wacheke tu. Kwenye jumuiya yetu kule Tegeta, watu wakishika mikono na kuitikia sala, jambo limepita, hakuna anayerudi kuuliza. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuitikia amina huku amemfungia Mungu nje ya geti. Kama hilo ni kosa, basi ndilo kosa langu, nalisema hapa mbele ya wasomaji wote.

Nilimtazama Fredrick nikitegemea kumwona ameishiwa nguvu. Hakuwa ameishiwa kitu. Alikuwa anapiga makofi polepole.

“Mmeona sasa?” akasema. “Mie nilikuwa namsitiri shemeji, lakini fundi amejitoa mwenyewe. Amekiri kaingia humu. Geti halikuvunjwa. Ufunguo anao shemeji. Nyie jumlisheni wenyewe.”

“Uongo,” nikasema.

“Mbona uliposikia anafukuzwa ndipo umekumbuka kusema? Inakuuma nini? Sisi wenyewe ndugu tulikuwa tumenyamaza.”

Genoveva akashika kiuno. “Eeh. Fundi, kumbe ndiyo maana jasho lilikuwa linakutoka. Mumewe hata udongo haujakauka.”

Jenipher alinyanyua uso, akanitazama kwa mara ya kwanza. Nilifungua mdomo kumtetea nikaona kila neno nitakalosema litaongeza. Nilikuwa nimekuja na kamba kumwokoa, na kamba imemzunguka shingoni.

“Namba ya injini ipo,” nikasema kwa haraka. “Mzee, tulinganishe na kadi ya gari la marehemu. Itasema yenyewe.”

“Kadi iko bima tangu ajali,” Fredrick akasema. Na hilo, kwa bahati mbaya, lilikuwa kweli. Watu wakaitikia kwa vichwa. “Na hiyo ya Ta Gervas nimeinunua mie Ilala. Hawa wawili wanaisingizia tu kwa sababu wameiona inafuka pale.”

Ta Gervas akaondoka kwenye kiti chake. Alikwenda mpaka kwenye gari lake, akasimama mbele ya boneti, akaweka kiganja juu ya injini, ingali na moto, asikiondoe upesi.

“Kwa hiyo,” akasema, “kama fundi anasema kweli, mimi nimekuja kwenye arobaini ya Revelian nimepanda injini ya Revelian. Na nilikuwa naisifia njia nzima.”

Akaondoa kiganja.

Akageuka. “Sijui magari. Najua kitu kimoja. Gari la mwanangu liliingia hapa likiwaka. Fundi, itoe hii. Irudishe ilikotoka. Kama ni ya Revelian, itawaka ndani ya gari la Revelian. Ikiwaka, mke wetu abaki na nyumba yake, na Fredrick atakuja kunijibu mimi. Isipowaka, mmetudanganya nyote wawili. Yeye atapanda basi kwao, na wewe utapanda gari la polisi.”

“Baba,” Fredrick akaanza.

“Wewe kaa. Geti halifunguliki hata kwako.”

“Winchi yangu iko Tegeta, mzee,” nikasema.

“Nitapiga simu, itafuatwa na walio nje. Wewe hutoki. Utakula hapa, utalala hapa. Watu wa Bukoba wakiamka, nataka wasikie mlio.”

Genoveva akaninyoosea kiganja. Nikampa simu. Akaifunga kwenye pindo la khanga yake, akanikaribisha chai, kwa heshima kabisa.

Nitakwambia siri, msomaji. Moyo wangu ulifurahi. Mzee wa watu hajui, lakini injini yoyote ya aina ile ingewaka ndani ya gari lile. Hukumu yake haikuwa na maana yoyote ya kifundi, na ndiyo maana niliipenda. Niliona Mungu amenifungulia dirisha, dogo, lakini la kupita mtu. Kufunga injini usiku kucha si kitu kwangu. Nimefanya mara nyingi.

Nikavua shati. Nikamshukuru Bwana. Nikaenda kwenye Premio nyeupe, nikaondoa majani na mayai, nikainama ndani kutazama mahali pa kuikalisha.

Hapo ndipo nilipoona waya.

Sisi mafundi, gari la kuchinja, la kunyofolewa vipuri tu, hatulifungui plagi moja moja. Gari limekufa, nani atalirudia? Tunachukua plaizi, tunakata shada zima la waya, injini inatoka upesi. Ndivyo nilivyofanya siku ile, huku nikiimba pambio. Nyaya zote za injini, nyekundu, njano, kijani, nyeusi yenye mstari mweupe, zilikuwa zimening'inia pale zimekatwa sawasawa, kama nywele zilizopitiwa na mkasi. Nusu yake ya pili niliwapa wanunua vyuma chakavu, na kwa sasa imeshayeyushwa.

Kuzihamisha zile za gari la Ta Gervas ni kazi ya siku mbili kwa fundi umeme. Mimi si fundi umeme. Bila waya, injini hata iwe ya nani, ni jiwe.

Nikabaki nimeinama, nikizihesabu.

“Vipi, braza?” Fredrick alikuwa amesimama nyuma yangu. Akachungulia. Yeye hajui kushika spana, lakini waya zilizokatwa hata kipofu angezipapasa akajua. Akatabasamu, akaondoka anapiga mluzi bila sauti.

Kisha nikaona miguu ya mtu mwingine karibu na tairi, imevaa ndala. Jenipher, aliyekuwa ameshaingia ndani kufunga vitu vyake, alikuwa ameleta chai mwenyewe. Mjane haruhusiwi kuhudumia wageni matanga hayajaanuliwa, lakini hakuna aliyemzuia. Ta Gervas alikuwa anatutazama kutoka kwenye kiti chake. Genoveva pia. Uwanja mzima ulikuwa umetega masikio kusikia tutasema nini.

“Fundi,” akasema, “mie sikujui. Sijui kwa nini umesema ulichosema. Lakini nina kitu kimoja tu cha kukuuliza, halafu nitakwenda ama kufungua mabegi yangu, ama kuyafunga.”

“Uliza, dada.”

“Itawaka?”

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nimefunika zile waya asizione.

“Itawaka,” nikasema.

Akarudi ndani. Kupitia dirishani nikamsikia anafungua zipu za mabegi, moja baada ya nyingine, na kurudisha nguo kabatini.